Mgongo Unauma na Mkojo Hautoki: Usingoje Siku ya Mshahara

Wiki hii hatuandiki kuhusu gharama za kutuma hela wala kuhusu dola kupanda na kushuka. Tunaandika kuhusu mgongo, maana hela yote tunayoijadili humu inatoka mgongoni. Kuna ugonjwa mmoja wa mgongo ambao ukiuchelewesha siku mbili tatu unaweza kukuachia ulemavu wa maisha. Ni wa nadra, lakini umempata mwenzetu hapa hapa Doonside, na ameturuhusu tusimulie bila jina.

Yeye ni fundi wa kufunga mbao za zege. Ijumaa moja jioni alikuwa anashusha vyuma peke yake kwa sababu mwenzake aliondoka mapema. Akainama, akajipinda, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Jumamosi maumivu yakashuka mguu wa kushoto, na jioni yakaingia na wa kulia. Akanywa dawa za maumivu, akapakwa dawa ya kuchua, akalala. Jumapili asubuhi akaenda msalani akasimama muda mrefu, mkojo unatoka matone tu. Alipojisafisha hakusikia mkono wake mwenyewe. Kule chini kote kumekufa ganzi.

Hakumwambia mtu. Kichwani alikuwa na mambo mawili. La kwanza, Jumatatu ilikuwa siku ya kumwaga zege, shifti ndefu yenye ovataimu, na nyumbani ada za watoto wawili zilikuwa zinangojewa. La pili, alidhani ni ngiri. Wengi wetu tungewaza hivyo hivyo. Mtu aliyekulia Pwani au Bara, ukimwambia kiuno kinauma, choo hakipatikani, na nguvu za kiume zimepotea, atakujibu ngiri kabla hujamaliza sentensi. Akampigia simu binamu yake amtafutie dawa ya mitishamba.

Jumatatu akaenda kazini. Aliyemwokoa ni dada mmoja wanayepanga naye nyumba, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Alimwona anashika ukuta akitembea, akamuuliza bila kuzunguka: "Kaka, ukikaa unasikia kiti?" Akajibu hasikii. Yule dada hakuuliza swali la pili, akapiga 000. Usiku ule akapigwa picha, na alfajiri akafanyiwa upasuaji.

Leo anatembea. Lakini mkojo anautoa kwa mpira, mara tano kwa siku. Kama angekwenda Jumapili asubuhi ingekuwaje? Hakuna daktari anayeweza kumwapia. Alichoambiwa ni kwamba katika ugonjwa huu kila saa ina thamani, na mtu anayefika wakati bado anakojoa mwenyewe, hata kwa shida, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko anayefika kibofu kimeshagoma kabisa.

Mkia wa farasi

Jina la kitaalamu ni sindromu ya kauda ekwina. Ni Kilatini, maana yake mkia wa farasi. Ndani ya uti wa mgongo inapita kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima kamba hiyo haifiki hadi chini, inaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Kuanzia hapo kinachoendelea ni fungu la mishipa ya fahamu inayoning'inia ndani ya mfereji wa mgongo, na waliopasua miili zamani waliona inafanana na mkia wa farasi. Mishipa hiyo ndiyo inayoendesha miguu, kibofu cha mkojo, njia ya haja kubwa na hisia za sehemu za siri. Yote inapita kwenye mfereji mmoja mwembamba.

Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kama kimto kigumu nje na chenye ute katikati. Ganda lake likichanika, ute husukumwa nje. Mara nyingi unagusa mshipa mmoja upande mmoja, na mtu anapata yale maumivu ya kushuka mguu mmoja ambayo wengi tunayajua. Mara chache kipande kikubwa kinatokea katikati na kubana fungu zima. Hapo ndipo inakuwa kauda ekwina. Kwa kawaida inatokea kwenye diski mbili za chini kabisa, zile zinazobeba mzigo wote tunapoinama na kunyanyua. Uvimbe, kuvunjika kwa mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye jukwaa, damu kuvuja au usaha ndani ya mfereji pia huweza kuleta hali hiyo. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukumbuke na kifua kikuu, ambacho huingia hata kwenye uti wa mgongo. Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, mwambie daktari kama wewe au mtu wa nyumbani kwenu aliwahi kuugua TB.

Tuseme wazi ili tusitishane: maumivu mengi ya kiuno si ugonjwa huu. Mengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, na kutembea taratibu kunasaidia kuliko kulala kitandani. Hatuwaambii mkimbilie hospitali kila mkiamka na kiuno kigumu. Tunawaambia muijue tofauti.

Tofauti yenyewe

Maumivu au ganzi kushuka miguu yote miwili, au kuanza mguu mmoja kisha kuingia wa pili. Miguu kuishiwa nguvu, unakwaa, kanyagio la mbele halinyanyuki. Ganzi katikati ya mapaja, makalioni, kuzunguka tundu la haja kubwa na sehemu za siri, yaani pale pote panapogusa kiti cha baiskeli. Mkojo kubadilika: unataka kwenda lakini hautoki, au unatoka kidogo kidogo, au umejaa na husikii kama umejaa, au unavuja bila habari yako. Haja kubwa kukutoka bila kujua, au kushindwa kuizuia. Na hisia za tendo la ndoa kupotea ghafla, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Usingoje zitimie zote. Mtu mwenye maumivu ya mgongo au mguu akiongezewa hata moja kati ya hizi za ganzi ya kule chini, mkojo, haja au miguu yote miwili, aende siku hiyo hiyo, hata iwe saa nane ya usiku. Kibofu kikishapooza kabisa maumivu yake yanaweza hata kupungua, mtu akadhani anapona. Mkojo kuvuja baada ya siku nzima ya kutokojoa si nafuu. Ni kibofu kilichofurika.

Dawa zinachanganya. Vidonge vikali vya maumivu, hasa vya jamii ya kodini na mofini, vinaweza kufunga choo na hata kuzuia mkojo. Kwa hiyo mtu anajiambia "ni dawa hizi tu." Huenda ni kweli, lakini anayeweza kuamua ni daktari mwenye kipimo mkononi, si wewe ukiwa kitandani. Akina dada waliojifungua karibuni nao wanaambiwa ganzi na mkojo kuvuja ni mambo ya uzazi. Mengi ni ya uzazi kweli. Yakija pamoja na maumivu ya miguu yote miwili, yachunguzwe.

Halafu kuna kukandwa, kuchuliwa na kupigwa hijama. Kwa uchovu wa kawaida hatuna ugomvi na mtu. Lakini ukiwa na dalili tulizotaja, usimruhusu mtu yeyote aukunje wala kuunyosha mgongo wako, awe mkandaji wa mtaani au mtaalamu mwenye ofisi.

Ukiwa Doonside, unakwenda wapi

Si kliniki ya daktari wa kawaida ya kuweka miadi ya Alhamisi. Nenda idara ya dharura. Ya karibu ni Blacktown Hospital, kituo kimoja cha treni kutoka Doonside halafu kutembea au basi, lakini mtu ambaye miguu imelegea asipande treni na asiendeshe gari. Apelekwe, au apigiwe 000. Ukipiga, sema "Ambulance" kwanza, kisha sema "Swahili", usikate simu, utaunganishwa na mkalimani. Ikihitajika upasuaji wa mishipa ya fahamu unaweza kuhamishiwa hospitali kubwa zaidi kama Westmead, iliyo kwenye reli hiyo hiyo ya T1. Kazi ya kukuhamisha ni yao.

Pale mapokezi usiseme "mgongo unauma" ukanyamaza. Jumapili usiku wenye migongo inayouma ni wengi, utakalishwa. Anza na lile la aibu: sihisi sehemu zangu za siri, mkojo hautoki tangu asubuhi, miguu yote miwili. Na utaje jina la ugonjwa. Hapa Australia wanalitamka "koda ikwaina". Muuguzi akilisikia pamoja na dalili hizo atajua unazungumzia nini. Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya maumivu ya kiuno, uliotolewa na tume ya usalama na ubora wa afya ya Australia mwaka 2022, unawataka wahudumu waitafute hali hii mapema. Kwa hiyo huombi upendeleo.

Omba mkalimani hata kama Kiingereza chako cha kazini ni kizuri. Kiingereza cha kupokea amri ya fomeni si kile cha kueleza ganzi ya tupu. Mkalimani katika hospitali ya umma halipiwi na mgonjwa. Usimtumie mtoto wako, wala jirani ambaye kesho mtakutana kanisani au msikitini, maana utaficha nusu ya habari.

Ujue pia kitakachofuata ili usishtuke. Watakugusa kwa pamba na kitu chenye ncha kule chini, na daktari anaweza kuingiza kidole cha glavu kwenye tundu la haja kubwa kuangalia kama misuli inabana. Si udhalilishaji. Unaweza kuomba daktari wa jinsia yako au mtu wa kusimama pembeni, ila wakisema hayupo usikatae ukaondoka. Utaambiwa ukojoe, kisha wapime kwa mashine juu ya tumbo mkojo uliobaki. Ukibaki mililita 200 au zaidi, wasiwasi unaongezeka. Kinachotoa jibu ni kipimo cha MRI. Eksirei ya kawaida haionyeshi diski wala mishipa, kwa hiyo ukiambiwa eksirei ni safi na bado mkojo hautoki, uliza MRI ni lini. Nchini Uingereza utaratibu uliowekwa mwaka 2023 unataka kipimo hicho kifanyike ndani ya saa 4 tangu kiombwe. Tunautaja ili ujue haraka ya jambo lenyewe. Na waulize kabla ya kula, huenda upasuaji ukawa usiku huo.

Ikithibitika, kwa kawaida wanafungua nyuma ya mgongo na kutoa kile kinachobana. Zamani ilikuwa inasemwa saa 48 kana kwamba ni ruhusa ya kungoja. Siku hizi madaktari wengi wanasema mapema iwezekanavyo.

Baada ya hapo

Watu hudhani ukishapasuliwa umemaliza. Upasuaji unaondoa kibano, lakini mishipa iliyokwisha kuumia inapona polepole, miezi, mara nyingine miaka. Maumivu ya miguu huwa ya kwanza kupungua. Kibofu, haja na mambo ya ndoa huja nyuma, na kwa wengine hayarudi yote.

Mwenzetu alifundishwa na muuguzi kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache. Alilia siku ya kwanza. Sasa anafanya dakika tano kwenye choo cha saiti. Kosa kubwa ni kupunguza maji ili usiende chooni, kwani kibofu kisichomwagika vizuri kinashika maambukizi upesi. Homa, mkojo wenye harufu kali au wa rangi ya tope, nenda kwa daktari. Kwa haja kubwa, alizoeshwa kukaa chooni wakati ule ule kila siku baada ya kifungua kinywa, maana chakula kikiingia tumboni utumbo nao unaamka. Kwa ganzi ya makalio, anajiangalia ngozi kwa kioo kila jioni na hakai muda mrefu bila kubadilisha mkao. Chupa ya maji ya moto usiikalie kabisa, utaungua bila kujua.

La ndoa hakulisema kwa miezi mitatu. Mkewe yuko nyumbani Afrika, akadhani mume amepata mwingine huku. Jamani, liseme. Kuna dawa, kuna wataalamu wa misuli ya nyonga, na kuna faraja ya mke kujua kwamba ni mshipa, si moyo. Kwa maswali ya mkojo na haja, National Continence Helpline ni 1800 33 00 66, na wenye Medicare waulize kuhusu ruzuku ya serikali ya kununulia mipira na pedi.

Sasa hela

Mzigo ukikuumiza kazini, hapa New South Wales unadai fidia ya wafanyakazi. Mwambie bosi mapema, kwa maandishi, hata meseji ya simu inatosha kuwa ushahidi. Mwajiri anatakiwa aijulishe kampuni ya bima ndani ya saa 48, na bima ianze malipo ya muda ndani ya siku 7 au ieleze sababu ya kutoanza. Daktari akupe cheti cha uwezo wa kufanya kazi, na umwambie aandike ilivyotokea: tarehe, saa, ulikuwa unanyanyua nini. Dai likikubaliwa, wiki 13 za kwanza unalipwa hadi asilimia 95 ya wastani wa mshahara wako. Baada ya hapo, kama bado huwezi kazi, ni asilimia 80. Matibabu na gari la wagonjwa vinaingia humo. Na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya jeraha hilo katika miezi 6 ya kwanza.

Wengi mnaogopa viza. Kuwa na viza ya muda hakukunyimi fidia. Wanaofanya kazi kwa ABN ndio wenye mtihani, kwa sababu bosi atasema wewe si mfanyakazi, ni mkandarasi. Sheria mara nyingine inakuhesabu mfanyakazi hata hivyo. Usikubali jibu la bosi peke yake, piga Independent Review Office 13 94 76. Wanaweza kugharamia wakili asiyekudai senti.

Jeraha lisipokuwa la kazini hesabu ni nyingine. Medicare hailipi gari la wagonjwa, na wengi wenye viza za muda hawana Medicare. Wanafunzi, bima yenu ya afya hulipia ambulansi ya dharura. Wengine someni bima zenu wikendi hii. Bili ikija kubwa, omba kulipa kwa awamu. Dharura haingoji hela, bili inangoja.

Hapa ndipo ushauri wetu wa siku zote unapoingia. Usitume yote. Bakiza hapa, kwenye akaunti tofauti, angalau kodi ya nyumba ya mwezi na chakula chake, ili siku mwili unaposema simama, usilazimike kuuliza zege inamwagwa lini. Mtu mmoja nyumbani, mwenye akili timamu na siri, ajue kwamba ukinyamaza wiki mbili ni hospitali, na ajue ada ya shule ina akiba wapi. Mwenzetu hakuwa na hata wiki moja mkononi. Alikuwa ametuma yote Alhamisi, kama kawaida.

Akina dada wa majumbani, ninyi hamumwagi zege lakini mnamnyanyua mzee kutoka bafuni mkiwa peke yenu, na ni mzito kuliko mfuko wa saruji wa huku, ambao ni kilo 20. Ombeni mashine ya kunyanyulia au mtu wa pili. Hakuna kilo zilizoandikwa kwenye sheria kwamba ndizo mwisho, lakini mwajiri ana wajibu wa kupunguza hatari. SafeWork NSW ni 13 10 50.

Na ninyi mnaotusoma kutoka Uarabuni, dalili ni zile zile. Gari la wagonjwa Saudia ni 997, Emirati 998, Qatar 999, Oman 9999. Huna haja ya ruhusa ya mwajiri kupiga namba hiyo, hata kama pasipoti anaishika yeye.

Jambo la mwisho ni superannuation, ile akiba ya uzeeni ambayo mwajiri anakuwekea, asilimia 12 tangu Julai 2025. Nyingi zina bima ndani yake ya ulemavu wa kudumu, na baadhi zina ya kufidia mshahara. Kwa kawaida haijiwashi yenyewe mpaka ufikishe miaka 25 na salio lifike dola 6,000, ingawa mifuko mingine inaiwasha mapema kwa kazi za hatari, na inakatwa akaunti isipoingiziwa hela miezi 16 mfululizo. Wenye akaunti tatu nne za kazi za zamani, angalieni kabla ya kuziunganisha ipi ina bima hai. Mwenzetu alikuja kujua kwamba alikuwa nayo mwezi wa tano baada ya upasuaji. Barua ilikuwa kwenye droo ya jikoni, haijafunguliwa.